Pumzi Iliyofungwa Kwenye Funguo

Mwaka 1984 kampuni ya E-mu Systems ya California iliingiza sokoni kinanda kilichoitwa Emulator II. Kazi yake ilikuwa kunasa sauti: unakipa mlio wowote, wa kengele au wa mlango unaogongwa, kisha unaupiga kwa vidole juu na chini ya funguo kama wimbo. Kumbukumbu yake ilitosha sekunde 17 na ushei, kwa biti nane, kiwango ambacho simu ya bei ya chini leo inakipita kwa mbali. Miongoni mwa sauti zilizouzwa nacho kwenye diski ilikuwamo ya shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Wajapani. Mwaka 1986 Peter Gabriel akafungulia nayo wimbo wake "Sledgehammer". Mwaka 1990 kundi la Enigma likaitumia katika "Sadeness". Tangu hapo ikawa njia ya mkato: picha ikionyesha mlima wenye ukungu, prodyuza anabonyeza ufunguo uleule.

Wapo wanaoicheka sampuli hiyo. Mimi naiheshimu, na nadhani kila anayetaka kutunga muziki wa filamu wenye ladha ya Kijapani aisikilize kwanza kabla ya kununua chochote. Ndani yake hamna noti tu. Kuna pumzi inayogonga ukingo wa mwanzi, kuna sauti inayopanda kutoka chini kutafuta mahali pake, kuna kutulia, kisha mtikisiko. Ni tendo zima la mpigaji, kuanzia mwanzo hadi mwisho, lililonaswa mara moja. Maktaba za sampuli za leo zina magigabaiti ya shakuhachi, noti moja moja, zimepigwa kwa nguvu tatu au nne tofauti, zimekatwa vizuri kichwani na kusafishwa uchafu wa pumzi. Ukizipanga unapata wimbo usio na mtu ndani.

Ubovu wa ile ya E-mu nao unajulikana. Ukiibonyeza mara mbili inavuta pumzi ileile mara mbili, na ukipanda oktava moja tendo zima linakwenda mbio maradufu, kwa kuwa mashine ilipandisha sauti kwa kuiharakisha. Kwa hiyo hatuwezi kurudi huko. Lakini imetuonyesha kazi ilipo. Ala hizi huishi ndani ya noti na katika nafasi iliyo kati ya noti na noti, na kinanda, kwa jinsi kilivyoundwa, huvitupilia mbali vyote viwili. Mtunzi wa sampuli kazi yake kubwa ni kuvirudisha kwa mkono.

Shakuhachi ya kawaida ina urefu wa sentimita 54.5 hivi na matundu matano, manne mbele na moja nyuma. Ukiyafungua moja baada ya jingine unapata D, F, G, A na C. Noti nyingine zinatafutwa kwa kuziba tundu nusu na kwa kichwa: mpigaji anainamisha kidevu, pembe ya pumzi inabadilika, sauti inashuka. Mbinu hiyo huitwa meri. Sasa hapa ndipo watu wa kinanda wanapopotea. Noti ya meri haishuki tu, bali hupoteza pia nguvu na mng'ao wake. E flati ya shakuhachi ni dhaifu, imefunikwa, wakati D iliyo jirani yake inasikika wazi kabisa. Wapigaji hawaihesabu hiyo kuwa kasoro, kwani tungo za kale za ala hii zimejengwa juu ya tofauti hiyo ya mwanga na kivuli. Halafu anakuja mtengenezaji wa maktaba, kwa nia njema kabisa, anasawazisha: kila ufunguo utoe ukubwa mmoja na rangi moja. Akimaliza, amekuuzia filimbi ya okestra iliyovishwa kimono.

Kuitengua kazi hiyo si vigumu ila inataka subira. Kila inapotokea E flati au A flati, shusha sauti kwa kidhibiti namba 11 cha MIDI, lugha ambayo kinanda na kompyuta huwasiliana kwayo, na punguza masafa ya juu kwa chujio, kidogo, mpaka noti ijifiche nyuma ya jirani zake. Kisha iache ifike mahali pake kwa kuteleza. Mfumo wa MIDI, uliotoka mwaka 1983, unagawa nguvu ya kidole katika hatua 128 tu, lakini gurudumu la kupindisha sauti umelipa hatua 16,384. Yaani kipimo chembamba kuliko vyote kwenye kinanda ndicho kile ambacho maprodyuza wengi hawakigusi, au wanakigusa kwa ajili ya mbwembwe za gitaa. Anza noti nusu toni chini, ipandishe, ipitilize kidogo, iteremshe. Usipinde zaidi ya toni moja, maana sampuli ikivutwa, kelele ya pumzi nayo inapanda pamoja na sauti, jambo lisilotokea kwenye mwanzi wa kweli. Ndiyo sababu napendelea maktaba zilizotenganisha pumzi na sauti katika tabaka mbili. Noti inapinda, pumzi inabaki palepale.

Kuna pia muraiki, ule mpulizo wa ghafla unaokaribia kupasuka. Kwenye maktaba huwekwa kwenye ufunguo wake maalumu, na kishawishi cha kuubonyeza kila baada ya sekunde kumi ni kikubwa. Mara moja katika kipande cha dakika mbili inatosha. Na kabla ya yote, pima sentensi yako kwa mapafu: imbe mstari uliouandika kwa pumzi moja, polepole. Ukiishiwa njiani, hata mpigaji angeishiwa, na msikilizaji ataona jambo haliko sawa hata asipojua ni lipi.

Koto ina tatizo jingine, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi. Koto ina nyuzi 13 juu ya ubao wa mti wa kiri wenye urefu wa mita 1.8 hivi, kila uzi umebebwa na kikalio kinachohamishika. Mpigaji huvaa kucha za bandia kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia. Katika mpangilio wa hirajoshi, ukianzia D, nyuzi hutoa D, G, A, B flati, D, E flati, G na kuendelea juu, sauti tano tu kwa kila oktava. Kinanda kinakupa 12. Hatua yangu ya kwanza kwenye programu ni kuzizima funguo zote ambazo nyuzi hazina, nibaki na zile za nyuzi tu. Nikihitaji sauti iliyo nje ya hizo, naipata kama anavyoipata mpigaji: mkono wa kushoto unaukandamiza uzi upande wa pili wa kikalio, uzi unakazika, sauti inapanda nusu toni au toni nzima. Wanaiita oshide. Kwa hiyo ukitaka A flati, piga G na uipinde juu. Utasikia tofauti papo hapo, kwa sababu uzi uliokazwa una sauti yenye mkazo, tena hufa haraka kidogo. Ukikandamiza baada ya kupiga, noti inazaliwa G na kupanda ikiwa tayari inafifia. Hiyo inaitwa ato-oshi, na kwangu mimi ndiyo sauti ya koto hasa kuliko ile mibubujiko ya noti tunayoisikia kwenye matangazo.

Tukiwa kwenye mibubujiko hiyo: katika mpangilio wa kimapokeo wa hirajoshi, uzi wa kwanza hutoa D ileile ya uzi wa tano, na uzi wa pili hutoa G iliyo chini yake. Ukizipitia nyuzi zote kwa kucha kuanzia wa kwanza, sauti inaanza juu, inaanguka, ndipo inapanda. Buruza kidole kwenye kinanda uone kama utapata kitu hicho. Hutakipata mpaka ukiandike noti kwa noti.

Watu wa pwani yetu wana kisa chao katika habari hii. Mwaka 1912 huko Nagoya, Goro Morita alibuni taishogoto, ala ya nyuzi iliyowekewa vibonyezo vilivyoigwa kutoka mashine ya chapa. Ilipitia India, ikafika Mombasa, na ikapata makao katika taarabu. Aliyewahi kumsikia Zuhura Swaleh na mwendo wake wa chakacha ameisikia ikiongoza nyimbo. Nasi tuliizoea kiasi cha kusahau kwao. Morita alifanya kwa chuma na mbao kile ambacho sampuli hufanya kwa kompyuta, yaani aliweka vibonyezo kati ya kidole na uzi ili mtu yeyote apige. Kilichopotea ni kule kukandamiza na kuvuta. Wapigaji wa Mombasa wakakifidia kwa mkono wa kulia, kwa kucharaza upesi na kutetemesha, na wala hawakujifanya wanapiga koto. Sijui kwa nini maprodyuza hawaifikirii njia hiyo mara nyingi zaidi.

Turudi kwenye skeli. Mtafiti Fumio Koizumi alizieleza skeli za Kijapani kwa nguzo zilizo umbali wa noti nne, na noti moja inayozunguka kati yake. Katika D, E flati, G, A na B flati, nguzo ni D, G na A. E flati na B flati ni watumishi: E flati inavutwa kwenda D, B flati inavutwa kwenda A. Mtunzi aliyelelewa na piano akiziona E flati, G na B flati mahali pamoja anaona kodi ya E flati meja imejileta yenyewe, anaiweka chini ya wimbo kwa vayolini, na papo hapo tumehama Kyoto tumeingia kwenye hoteli ya kitalii. Skeli haijakosewa hata noti moja. Kilichoharibika ni kwamba mtumishi amekalishwa kwenye kiti cha nguzo.

Ukitaka unene, uko wa namna nyingine. Katika sankyoku, yaani koto, shamisen (ala ya nyuzi tatu) na shakuhachi zikipiga pamoja, wote hufuata wimbo mmoja lakini kila mmoja anaupamba kivyake, huyu akitangulia, yule akichelewa, mwingine akiruka noti. Masikio yaliyokulia kwenye taarabu ya zamani hayatashangaa. Kwenye kompyuta nakili mstari wa koto uupe shamisen, kisha uuvuruge: futa noti moja kati ya tatu, chelewesha nyingine, ongeza pambo pale koto inaponyamaza. Programu zina kitufe cha kuchelewesha kiholela, na matokeo yake ni ya kiholela kweli. Fanya kwa mkono.

Njia nyingine ni sho, ala ya kinywa yenye mianzi 17, 15 kati yake ikitoa sauti, inayolia pumzi inapoingia na inapotoka. Katika gagaku, muziki wa kasri, hutoa mafungu ya noti tano au sita zilizobanana, yakivimba na kunywea. Kwenye filamu inafanya kazi ambayo wengine wangeipa sintesaiza, na inaifanya kwa heshima zaidi. Angalizo moja: gagaku hutyuniwa A ikiwa hezi 430. Okestra ya sampuli iko 440. Tofauti ni senti 40 hivi, karibu nusu ya nusu toni. Ama uipandishe sho, ama uondoe vayolini. Mimi huondoa vayolini. Wapo waliokwenda mbali zaidi kupigana na tyuni za mashine: kundi la Geinoh Yamashirogumi, lililotunga muziki wa filamu ya katuni *Akira* ya 1988, lilijifunza kuandika programu ili sintesaiza zake zikubali tyuni ya gamelani, okestra ya gongo ya Indonesia.

Sasa ngoma. Fungua maktaba yoyote iliyobandikwa jina la samurai na utakuta mambo matatu: koto ya hirajoshi, shamisen ya mtindo wa Tsugaru, na ukuta wa taiko. Hirajoshi inahusishwa na Yatsuhashi Kengyo, aliyeishi 1614 hadi 1685. Shamisen iliingia Japani kupitia Ryukyu katika karne ya 16, na mtindo wa Tsugaru ni wa juzi zaidi, mwishoni mwa karne ya 19. Ngoma zenyewe ni za kale sana, ila ule ukuta, ngoma za ukubwa tofauti zikipigwa na kundi zima kwa mpangilio, ulianzishwa mwaka 1951 na Daihachi Oguchi, mpiga dramu wa jazi, mjini Okaya katika mkoa wa Nagano. Filamu ya *Rashomon* ya Akira Kurosawa ilitoka mwaka 1950. Ina maana filamu ile ni kongwe kuliko "ngoma za kale" tunazobandika kila kwenye panga.

Simkatazi mtu. Muziki wa filamu haukuapa kiapo cha mwanahistoria. Ila anayejua tarehe ana uhuru wa kuchagua, na asiyejua anachaguliwa na muuza maktaba. Tazama mfululizo wa *Shōgun* wa 2024, ambao hadithi yake inaanza mwaka 1600. Watunzi wake, Atticus Ross, Leopold Ross na Nick Chuba, walimshirikisha Taro Ishida, wakapata rekodi za wapigaji wa gagaku kutoka Japani, kisha wakazichakata mpaka nyingine hazitambuliki tena kuwa ni ala gani. Gagaku ilishakuwa na karne nyingi kufikia 1600. Wamechagua chanzo ambacho enzi ile ilikuwa nacho, halafu wakajipa ruhusa ya kukivuruga. Mpangilio huo ndio ninaouunga mkono.

Na si jambo jipya. Mwaka 1964 mtunzi Toru Takemitsu alitengeneza sauti za filamu ya *Kwaidan* ya Masaki Kobayashi kwa utepe wa sumaku. Katika kisa cha kwanza alirekodi mbao zikipasuliwa, akazibadilisha kwa mitambo, akaziweka mahali ambapo ungetarajia kusikia hatua za mtu au mlango. Katika kisa cha mwanamke wa theluji aliichakata shakuhachi mpaka ikawa kama upepo wenye nia mbaya. Miaka mitatu baadaye, katika *November Steps* iliyopigwa kwa mara ya kwanza na New York Philharmonic chini ya Seiji Ozawa, aliiweka biwa, ala ya nyuzi, ya Kinshi Tsuruta na shakuhachi ya Katsuya Yokoyama mbele ya okestra bila kujaribu kuzichanganya nayo. Kwa sehemu kubwa zinapeana zamu. Anayerudufisha wimbo wa shakuhachi kwa vayolini 16 ili "uwe mkubwa" aisikilize kazi hiyo mara mbili.

Tuweke mkono kazini. Chukua tukio la dakika moja na nusu: mwanamke anarudi kwenye nyumba iliyoungua, hakuna maneno. Natega kompyuta bila kipima mapigo, kwa sababu nikikiwasha nitaanza kutii mistari. Sho inaingia kutoka kwenye kimya, inavimba kwa sekunde sita hivi, inanywea, inavimba tena kwa fungu jingine. Katika sekunde ya 15 koto inapiga G moja yenye ato-oshi, kisha hakuna kitu mpaka picha ibadilike. Hapo inakuja D, E flati, D, ya mwisho ikiwa dhaifu kuliko zote. Shakuhachi inangoja mpaka karibu nusu ya tukio na inaanzia kwenye E flati ya meri, imefunikwa, ikiteleza kuelekea D, na D hiyo ndiyo noti yake ya kwanza ya wazi. Chelo moja inashika D chini yake, bila mtikisiko, bila kodi. Odaiko, ile taiko kubwa, inapigwa mara moja tu, sekunde moja hivi baada ya mkato wa picha, si juu yake. Kwa pigo hilo natumia sampuli iliyorekodiwa taratibu kwelikweli. Pigo zito lililoshushwa sauti halifai, kwani ngozi iliyopigwa kwa nguvu ina mlio wake, na mlio huo haupotei kwa kuvuta kitelezi chini.

Kwenye miksi, mwangwi ndio unaoua kazi nyingi za namna hii. Vyumba vya mbao, karatasi na mikeka havina mwangwi wa kanisa kuu, na mapambo madogo niliyohangaika nayo saa nzima yanazama kwenye mwangwi wa sekunde nne. Koto na shakuhachi naziweka karibu, chumba kidogo, kelele za kucha na pumzi zikisikika. Mwangwi mrefu naziachia odaiko na sho. Bajeti ikiruhusu mpigaji mmoja wa kweli, awe wa shakuhachi, arekodiwe juu ya sampuli zilizokamilika, na sampuli za shakuhachi zifutwe zote. Zikibaki hata kidogo chini yake zinamfanya naye asikike kama mashine.

Mwongozaji akishasikia atauliza ngoma ziko wapi. Nimeshajua, na nina faili ya pili tayari yenye mapigo mawili.